Panya Hazai Ovyo: Mvua, Mkojo na Homoni

Mkulima wa mahindi akiulizwa kuhusu panya, jibu huwa moja: wanazaa tu, msimu wowote. Kwangu hii ndiyo dhana inayotugharimu kuliko zote, maana hutufanya tukumbuke sumu wakati shamba limeshajaa.

"Panya huzaa mwaka mzima"

Panya shamba, Mastomys natalensis, amefuatiliwa Morogoro kwa miongo kadhaa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na Mbelgiji Herwig Leirs. Walichokiona ni kwamba uzazi wake hufuata mvua. Mvua kubwa ikinyesha na nyasi kuchipua, baada ya wiki chache majike huanza kushika mimba. Kiangazi kikikaza, uzazi husimama, na waliozaliwa mwishoni mwa msimu hukaa miezi kadhaa bila kupevuka.

Tatizo huja vuli zikizidi. Hao wachanga hupevuka mapema na kuzaa kabla ya wakati wao. Mimba ni siku 23 hivi, na jike mmoja anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Ndipo mbegu hufukuliwa shimo kwa shimo, siku chache tu baada ya kupandwa.

Na si suala la kushiba tu. Mwaka 1981, watafiti nchini Marekani walitambua kwenye majani machanga kemikali iitwayo 6-MBOA. Jamaa wa panya wa milimani, Microtus montanus, walipolishwa kemikali hiyo majira ya baridi, wakati ambao kwa kawaida hawazai, walishika mimba. Jani bichi huwapa habari kwamba chakula cha watoto kinakuja.

"Mkojo wao ni uchafu tu"

Kwetu ni uchafu na ni hatari, hilo halina ubishi. Kwa panya mdogo wa nyumbani, mkojo wa dume ni kitambulisho. Mwaka 2010, watafiti wa Liverpool, Uingereza, walieleza protini ya mkojo wa dume waliyoiita darcin. Jike akiigusa kwa pua mara moja, hujifunza harufu ya dume yule na pale alipoikuta, kisha hurudi kumtafuta. Testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo huchochea protini za aina hii, kwa hiyo dume aliyehasiwa hupoteza sehemu kubwa ya mvuto wake.

Harufu hufika hata kwenye mimba. Mtafiti Hilda Bruce alionyesha mwaka 1959 kwamba jike aliyepandwa karibuni, akiwekwa karibu na dume mgeni, mimba huweza kuharibika kabla haijajishikiza. Harufu ngeni hushusha homoni ya prolaktini, na projesteroni, homoni inayotunza mimba, nayo hupungua, na baada ya siku chache jike hurudi kwenye joto.

"Oksitosini ndiyo homoni ya uaminifu"

Dhana hii ilitokana na jamaa mwingine wa panya, Microtus ochrogaster wa mbuga za Marekani, ambao dume na jike hukaa pamoja na kulea watoto. Oksitosini na vasopresini, homoni mbili zinazotoka ubongoni, zinahusika kweli. Lakini mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba wanyama hao, hata wakiondolewa kipokezi cha oksitosini, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo, bado hufunga uchumba. Isitoshe, wenye wenzi nao huzaa na wa nje mara nyingine.

"Dawa ya panya ni sumu peke yake"

Sumu huua waliopo, na wachache wanaobaki hujaza nafasi upesi. Ndiyo maana naipa uzito kazi iliyofanyika Sokoine ya kuwapa panya shamba chambo chenye homoni mbili, kwinestroli na levonojestreli, hii ya pili ikiwa ni ileile inayotumika kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Uwezo wa kuzaa ulishuka kwa madume na kwa majike. Chambo cha namna hii kinapaswa kuliwa kabla majike hawajaanza kushika mimba, na muda huo hujulikana kwa kutazama mvua na nyasi, wala si kwa kusubiri kuona mashimo shambani.