Pushapu si adhabu: maswali na majibu kuhusu mazoezi ya nguvu shuleni

Watoto wetu hukimbia mchakamchaka kila asubuhi. Hautoshi?

Mchakamchaka ni mzuri kwa moyo na mapafu, uendelee. Ila mikono, kifua na mgongo haviguswi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki afanye pia mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Hilo la pili ndilo shule nyingi zimeliacha.

Kunyanyua vitu vizito hakumdumazi mtoto?

Hapana. Hofu hiyo inatokana na sehemu laini zilizo karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa wa mtoto hurefukia. Zinaweza kuumia kwa ajali, kwa mzigo uliozidi uwezo au kwa kunyanyua ovyo bila msimamizi. Mazoezi yaliyopimwa na kusimamiwa vizuri hayamfanyi mtu awe mfupi. Na huyuhuyu tunayeogopa kumshikisha kilo 2 shuleni, nyumbani anajitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani, wala hajawahi kuonyeshwa namna ya kukunja magoti ili mgongo usiumie.

Kwa hiyo yawe ya lazima?

Ndiyo, yawe ya lazima kama hesabu. Lakini kwanza tuache kuyafanya adhabu. Mwanafunzi akichelewa, pushapu 20. Akipiga kelele, kichurachura kuzunguka uwanja. Aliyekulia hivyo atayapenda lini? Tena ni hatari. Mtoto akirukishwa kichurachura kupita kiasi, misuli inaweza kuharibika, vilivyomo vikaingia kwenye damu na kuumiza figo. Ukiona misuli imevimba, inauma sana, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatuna jimu wala vyuma. Tuanzie wapi?

Kwenye mti. Chukua mtoto wa darasa la tatu asiyeweza hata pushapu moja ya chini. Asimame hatua moja kutoka kwenye mwarobaini, aweke viganja kwenye shina, ashuke taratibu mpaka pua ikaribie gamba, kisha ajisukume arudi. Mgongo unyooke, pumzi isibanwe. Akifikisha 10 bila kupinda kiuno, ahamie kwenye benchi, na baada ya wiki kadhaa chini. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga mkavu inazidi kilo 2, hicho ni chuma tosha. Dakika 15 hadi 20, siku 3 zisizofuatana, zinatosha kuanzia.

Mzazi asitafute misuli iliyotuna. Kabla ya kubalehe, nguvu huongezeka zaidi kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli iliyopo.

Na binti yangu? Hatakuwa na mwili wa kiume?

Hatakuwa. Miili ya wavulana hutanuka wakibalehe kwa sababu ya homoni ambayo wasichana wanayo kidogo sana. Atakachopata binti ni mifupa imara, na hiyo hujengwa zaidi katika umri huu. Akiba hiyo ndiyo atakayoitegemea uzeeni. Akiwa kwenye hedhi anaweza kuendelea, asilazimishwe tu akiwa na maumivu. Na apewe suruali ya michezo, maana wasichana wengi hukaa pembeni kwa sababu ya sketi.

Nani apate kwanza ushauri wa daktari?

Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, pumu inayombana mara kwa mara, au selimundu, ile wengi tunayoiita sikoseli. Mwalimu ajulishwe mapema. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha na kupumzika kila baada ya muda mfupi, asisukumwe mpaka aishiwe nguvu kabisa.

Na mtoto aliyefika shuleni bila kula chochote, apewe uji kwanza.