Riwaya za wasichana wawili na uchawi: wengi wanakosea wapi

Hapa Lamu utasikia watu wakisema riwaya za kifantasia za vijana, hasa zile ambamo wasichana wawili wanapendana, ni hadithi za ngono zilizovishwa uchawi, tena mambo ya kuletwa na Wazungu. Yote mawili si kweli. Aina hii huandikiwa zaidi wasomaji wa miaka 12 hadi 18, na penzi lenyewe mara nyingi huishia kwenye kushikana mikono na busu. Uzito uko kwenye kuaminiana: binti mwenye nguvu za ajabu, je, amwambie mwenzake udhaifu wake?

Swali hilo halikuletwa na Wazungu; tunalijua vizuri sana. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, mtu wa Lamu, aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri aliitoa kwa mwanawe mwenyewe, naye ndiye aliyemchoma. Liyongo akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji.

Kwa hiyo kijana anayesoma riwaya hizi hajapotea njia. Muulizeni anasoma nini kabla ya kumnyang'anya kitabu.