Mate ndiyo jina lako: dhana potofu kuhusu kupima DNA na siri zake

Ukikaa saluni Majengo hapa Dodoma kusuka nywele, hujafika nusu ya kichwa DNA imeshatajwa. Kuna mwenye shaka na mtoto, kuna mwenye shemeji Ulaya aliyetuma mate ili ajue asili yake, kuna binti anayetaka kujua habari ya seli mundu kabla ya kuolewa. Yote matatu huitwa "kwenda kupima DNA", na uvumi unaanzia hapo hapo.

"Nakata unywele wa mtoto akiwa amelala, napeleka kwa Mkemia, narudi na jibu mfukoni."

Haiendi hivyo. Chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, msimamizi wa vipimo hivi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Ombi hupitia kwa mwenye mamlaka ya kuomba, kama mahakama, wakili, polisi au afisa ustawi wa jamii, na majibu hurudi kwake. Akina baba wengi huuona huu ni usumbufu. Mimi nauona ni ukuta unaomkinga mama na mtoto dhidi ya kila mwenye hasira na mkasi. Halafu huo unywele wenyewe, ukiukata bila shina, kwa kipimo cha baba haufai kitu.

"Wakimpima mtoto, na magonjwa yangu yote yatajulikana."

Hapana. Kipimo cha uzazi hulinganisha sehemu chache za vinasaba zinazotofautiana kati ya mtu na mtu. Kisukari chako hakimo.

"Seli mundu nayo ni DNA, kwa hiyo ni kwa Mkemia."

Hiyo ni damu ya kawaida hospitalini, wanaangalia aina ya himoglobini. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa na bado amebeba kinasaba chake. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa. Siri hapa haivuji maabara, inavuja dirishani. Kuna hospitali moja niliwahi kusomewa jibu langu kwa sauti, benchi zima likisikiliza; mama mmoja akanipa pole. Tangu siku hiyo naomba nielezwe chumbani, mlango umefungwa, na sijawahi kukataliwa.

"Nikituma mate nje kwa jina la bandia, nani atanijua?"

Hapa ndipo wajanja wanapojidanganya. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya vinasaba, mabinamu takriban sehemu moja ya nane. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo kwa mauaji ya miongo kadhaa nyuma. Walipandisha vinasaba vya mhalifu kwenye tovuti ya nasaba iitwayo GEDmatch, wakakuta ndugu wa mbali, wakaufuata ukoo hadi mlangoni kwake. Yeye hakuwa ametuma mate popote. Kwa hiyo kaka yako wa Kondoa akituma, na wewe umeshatumwa kiasi, bila kuulizwa.

Chukua na mfano wa 23andMe, kampuni ya Marekani inayopima mate ya wateja. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 kwa kutumia manenosiri yaliyokwishavuja kwingine, kisha wakapitia huduma ya kutafuta ndugu na kuchota taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, na wateja wakabaki wanajiuliza mate yao yatauzwa kwa nani. Ukiamua kutuma hata hivyo, zima huduma ya kutafuta ndugu, weka nenosiri usilolitumia kwingine, na ukimaliza dai mambo mawili: taarifa zifutwe, na sampuli yenyewe iteketezwe. Watu hudai la kwanza, la pili wanalisahau.

"Sheria ipo, itanilinda."

Ipo, ila nayo ina mipaka. Ile ya Marekani ya mwaka 2008 inawazuia waajiri na bima ya afya kukubagua kwa vinasaba. Bima ya maisha haimo. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na inataka ridhaa yako ya maandishi kabla hazijashughulikiwa. Ridhaa hiyo ndiyo ile fomu tunayoisaini huku tunaangalia simu. Isome. Uliza sampuli itakaa wapi na kwa muda gani, nani mwingine ataona jibu, na kama itatumika kwenye utafiti. Kisha omba nakala, hata kama mhudumu atakunja uso.