Mzazi Ameumia Kazini: Nani Husamehewa Ada ya Chuo Texas?

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu, ofisi ya misaada ya fedha ya chuo cha umma hapa Texas, na bahasha ya kaki iliyolegea pembe. Alitandaza mezani ripoti ya moto, barua za daktari aliyempasua mumewe bega, na picha ya binti yao siku ya mahafali ya sekondari. Mume alikuwa mzimamoto wa kujitolea, sasa hawezi hata kuinua mkono kufikia kabati. Karatasi zilikamilika. Kilichokataa ni tarehe: binti alipomaliza shule alikwenda kupanga mizigo ghalani asaidie nyumbani, na siku ile alikuwa na miaka 21 na miezi 4. "Mbona hatukuambiwa?" mama akauliza, na mimi nikakosa la kumjibu.

Alikuwa akidai haki iliyomo katika Sheria ya Elimu ya Texas, kifungu cha 54.351. Kinamhusu mtoto wa mzimamoto au askari polisi aliyeumia akitimiza wajibu wake, akafa au akabaki na ulemavu. Kinawahusu pia watoto wa walinzi wa wanyamapori na wa askari magereza. Chuo cha umma lazima kimsamehe mtoto huyo ada na michango yote ya lazima, kwa krediti (vipimo vya masomo) 120 za kwanza za shahada au hadi afikishe miaka 26, kipi kitangulie. Lakini sharti awe ameanza chuo kabla ya kutimiza miaka 21. Aliyestahili huduma za elimu maalumu shuleni anaweza kuongezewa hadi 22. Kupanga mizigo hakuongezi muda, hata kama ulikuwa unalisha nyumba nzima. Wazimamoto wa kujitolea wamo sawasawa na wa mshahara, na hili nalirudia kwa sababu wengi hudhani kwamba asiyelipwa hana chake.

Tazama neno "lazima" hapo juu. Ukigeuza ukurasa hadi kifungu cha 54.352, kinachomhusu aliyeumia mwenyewe, neno hilo halipo. Pale sheria inasema chuo "kinaweza". Askari polisi aliyepata ulemavu wa kudumu kazini, asiyeweza tena kuendelea na uaskari, na aliyekaa Texas miezi 12 kabla ya muhula, anaweza kusamehewa ada na michango ya lazima kwa mihula isiyozidi 12 akisomea shahada ya kwanza. Bodi ya chuo kimoja itakubali, ya jirani yake isikubali, na zote mbili ziko ndani ya sheria. Binafsi naona mambo yamekaa kichwa chini: aliyevunjwa mgongo anaomba hisani, mwanawe anadai haki. Ndivyo ilivyo lakini, kwa hiyo ndugu yangu askari, uliza kila chuo kivyake kabla hujajaza fomu ya kujiunga.

Msamaha huu ni wa vyuo vya umma: University of Texas, Texas A&M, vyuo vya miaka miwili vya wilaya. Baylor au Rice, ambavyo ni vya binafsi, havibanwi nao. Hata ndani ya chuo cha umma yapo masomo yasiyopata fedha za serikali, na hayo utayalipia. Vitabu, chakula na chumba havimo. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hata kama ada imesamehewa, maana ruzuku ya Pell, inayotolewa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ndiyo inayoweza kununua vitabu.

Wahudumu wa ambulensi wanaosoma hapa watakuwa wamekwisha gundua kwamba sijawataja. Vifungu hivyo viwili haviwataji. Mlango wao uko kwa serikali kuu, kwenye mpango wa mafao ya watumishi wa usalama wa umma, uitwao PSOB, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1976 chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Huo unawatambua polisi, wazimamoto na wahudumu wa ambulensi wa idara za umma, na tangu 1990 unalipa fidia ya ulemavu, si ya kifo peke yake. Kuanzia Agosti 2022 sheria imefungua nafasi pia kwa walioumia akilini baada ya kushuhudia mambo mazito kazini. Upande wa masomo, mwenza na watoto hulipiwa hadi miezi 45 ya masomo ya muda wote, na mtoto huendelea hadi miaka 27. Fedha hizo zinaweza kwenda chuo cha binafsi, hata kodi ya chumba. Shida ni mizani yake: ulemavu sharti uwe wa kudumu na kamili, na bega la yule mzee, kwa jinsi nilivyoona, lisingefika.

Sehemu inayowaangusha wengi ni ushahidi wa kwamba uliumia kazini. Goti lililovunjika kwenye mpira wa Jumamosi halihesabiki, hata kama ndilo lililomaliza ajira. Kwa hiyo ripoti ya ajali iandikwe siku ile ile, hata kama maumivu ni ya kuvumilika, na itaje zamu, mahali na kiungo kilichoumia. Omba nakala, uiweke nyumbani. Nimeona ripoti inayosema "mfanyakazi ameumia" na nukta. Miaka 9 baadaye daktari anaandika uti wa mgongo, idara imebadilisha mkuu, na hakuna anayekumbuka ngazi iliteleza wapi.

Je, mzimamoto au mhudumu wa ambulensi anayetaka kusoma yeye mwenyewe? Aende ofisi za Texas Workforce Commission, idara ya ajira ya jimbo, aulizie huduma za utengamao wa ufundi (vocational rehabilitation), yaani za kuwarudisha kazini watu wenye ulemavu. Wanaweza kulipia mafunzo, pamoja na chuo, mradi somo linampeleka kwenye ajira anayoiweza kwa hali yake. Kwa hiyo usifike pale ukasema unataka shahada. Sema unataka kazi, itaje ni kazi gani, kisha uoneshe kwamba haipatikani bila darasa.