Diski ya gofu ikiwa ngumu si lazima iwe feki

Mchezaji wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki hadi kwenye kikapu, aliyeagiza diski yake kutoka nje akiilinganisha na ya mwenzake pale Arusha, jina ni lile lile, plastiki ile ile, zote gramu 175, lakini moja ngumu na nyingine inapinda, hukumu hutoka haraka: "Umepigwa, hiyo feki." Mara nyingi si kweli.

Diski hutengenezwa kwa kuyeyusha chembechembe za plastiki na kuzisukuma kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma. Kazi ngumu ni kupoa. Plastiki ikipoa husinyaa, na inavyosinyaa hutegemea joto, shinikizo na muda iliokaa kwenye kalibu. Kwa hiyo kalibu moja yaweza kutoa diski zenye mgongo (upande wa juu) ulioinuka leo, na bapa mwezi ujao. Mchanganyiko wa plastiki nao hubadilika kidogo kila mkupuo, kama jora za kitenge zisizolingana rangi. Hata rangi yenyewe huweza kuongeza au kupunguza ugumu. Mizani haioni lolote kati ya hayo.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo wengi huisahau. Asubuhi ya Julai Arusha plastiki hukakamaa. Mchana wa Februari Moshi hulegea. Zilinganishe diski zikiwa na joto moja, uzitazame mgongo kwa ubavuni, upitishe kidole ukingoni. Ukikuta uzi mkali wa plastiki kwenye mshono, pale vipande vya kalibu vilipokutana, msasa laini unatosha, na kanuni za mchezo zinaruhusu.