Hivi nchi zinagombaniaje kiti cha Baraza la Usalama la UN?

Wale wakubwa watano wenye kura ya turufu, yaani ya kuzuia azimio, kila mtu anawajua (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa), hao hawatoki ng'o. Ila baraza lina viti 15, vile 10 vilivyobaki vinazunguka, kila mwaka vitano vinapigiwa kura na anayeingia anakaa miaka miwili tu halafu anapisha, hata kugombea tena hapo hapo haruhusiwi.

Viti vimegawanywa kwa kanda. Afrika tuna vitatu na kawaida yetu tunamalizana nyumbani kwanza, AU (Umoja wa Afrika) inapitisha jina, kura ya UN kule New York inakuwa kukamilisha ratiba tu. Kongo (DRC) wamepita hivyo Juni 2025, kura 183, mpinzani hakuna, kiti chao ni 2026 na 2027.

Utamu unakuja mtu akigoma. 2019 AU ilipitisha Kenya kwa kura 37, Djibouti 13. Djibouti wakakataa kata kata, eti Kenya ashakaa mara mbili, sisi mara moja, zamu yetu hii, wakaanza kuzungukia Waarabu na wenzao wanaoongea Kifaransa. Juni 2020, korona imechachamaa, wajumbe wanaingia ukumbini kwa mafungu, Kenya 113 Djibouti 78. Ungedhani imeisha, kumbe bado, lazima ufikishe theluthi mbili ya waliopiga, siku ile ilikuwa 128. Kesho yake wakarudia, Kenya akapata 129. Hapo ni kuponea chupuchupu, tena na baraka zote za AU!

Na shida kubwa ni kwamba kura ni ya siri, kwa hiyo balozi anaweza kukuahidi mchana kweupe akampa mwingine na hutamjua. Ndo maana kampeni zinaanza miaka kadhaa kabla, nchi zinabadilishana ahadi, nipigie huku nitakupigia kule, na bembeleza nyingine zinachekesha: Ireland waliwapeleka mabalozi kwenye shoo ya bendi yao ya U2, Canada nao wakagawa tiketi za Celine Dion. Kwenye kura hiyo hiyo ya 2020, Ireland wakapita na 128 yao, Canada wakaambulia 108, mi sidhani kama ni muziki lakini haya.

Wakikamatana kabisa wanarudia mpaka mtu achoke. 1979 Cuba na Colombia walipigiwa kura raundi 154, mpaka mwaka mpya ukaingia, mwishowe kiti akapewa Mexico. Halafu kuna Saudi Arabia, 2013 wameshinda vizuri tu, kesho yake wakasema hawakitaki, kikaenda kwa Jordan.