Je, wajua kwa nini jiriwa haifunguki ukiiachia mkono?

Simama mlangoni mwa banda la useremala pale Wete umtazame fundi. Anaingiza ubao kwenye jiriwa, kile kibano kilichofungwa kwenye meza ya kazi, anazungusha mkono wa jiriwa mara mbili tatu, anauachia, anachukua randa. Ubao hausogei. Aliyeukaza ameshaondoa mkono, ila mbano umebaki pale pale. Unashikwa na nini?

Ami yangu alikuwa fundi wa milango na hakuwa na jiriwa. Akiranda mfaa, ule ubao mrefu unaosimama katikati ya mlango, kazi yangu ilikuwa kuukalia ncha. Kila akisukuma, mimi na ubao tulisogea pamoja, na randa ikiruka ilinyofoa nyuzi za mti mahali palipotakiwa pawe laini kwa ajili ya nakshi. Tangu siku zile naamini kwamba nusu ya kazi ya seremala ni kushika.

Jibu limo kwenye meno ya skurubu. Kata karatasi pembetatu ndefu, yenye mwinuko mdogo, uizungushie penseli. Ule ukingo wa mshazari utajiviringa na kuwa meno. Skurubu basi ni mlima mrefu uliozungushiwa chuma, na ukizungusha mkono wa jiriwa unaupanda mlima huo kidogo kidogo.

Chukua fimbo ya chuma yenye meno mwanzo mwisho, nene ya milimita 20, ambayo inafaa sana kwa jiriwa ya kujitengenezea. Kwa meno yake ya kawaida, mzunguko mmoja unaisogeza milimita 2.5 tu. Mkono wa jiriwa ukiwa na urefu wa sentimita 15 kutoka katikati, kiganja chako kimetembea sentimita 94 hivi kwa hizo milimita 2.5. Ni safari ndefu mara 377 kuliko ya taya, yaani ule upande wa jiriwa unaosogea kuubana ubao, na kwa hesabu tupu nguvu yako ingeongezeka mara hizo hizo. Msuguano hula sehemu kubwa, yapata tisa katika kumi. Hata hivyo, sukuma kwa nguvu ya kilo 10 tu, na fimbo italivuta taya kwa zaidi ya kilo 300.

Msuguano huo huo, unaokula nguvu zako unapokaza, ndio unaoshika unapoachia. Liweke gunia la karafuu kwenye mteremko mdogo: halishuki, litakaa hapo mpaka mtu alisukume. Mteremko wa meno ya fimbo yetu ni nyuzi 2 na nusu hivi. Ubao uliobanwa unayasukuma meno yarudi nyuma, lakini kwa mteremko mdogo namna hiyo chuma hakitelezi juu ya chuma, hata ukikipaka grisi.

Ukishalijua hilo, kuitengeneza mwenyewe si jambo la kuogopa. Mimi napendelea jiriwa ya mguu, ambayo taya lake ni ubao mnene uliosimama sambamba na mguu wa meza, kutoka juu hadi karibu na sakafu. Mguu pata kwa kugundisha mbao mbili za inchi mbili kwa nne ziwe kitu kimoja, na uso wake uwe sawasawa na ukingo wa meza, usiingie ndani. Toboa tundu kama sentimita 20 chini ya uso wa meza. Nyuma ya mguu funga nati iliyochomelewa kwenye bamba la chuma; mbele, fimbo ipite kwenye taya, iwe na wosha nene na mkono wake. Ukilishusha tundu zaidi utapata nafasi ya ubao mpana, ila mbano wa juu utapungua. Kwa taya, mfenesi unafaa sana: ni mti uliotumika hata kwenye milango ya Mji Mkongwe, na rangi yake ya manjano hugeuka kahawia kadiri unavyokaa.

Wengi hukosea chini. Taya likiegemea mguu kule chini na kufunguka juu tu, linakaa upande, kwa hiyo linagusa ubao kwenye ukingo wake wa chini peke yake. Unakaza mpaka jasho linakutoka na ubao bado unachomoka. Dawa yake ni kibao chembamba kilichokazwa kwenye taya chini, kikapita kwenye tundu la mguu, chenye matundu ya kupitishia msumari wa inchi 6. Msumari ukae mbele ya mguu, kwenye tundu linaloacha nafasi iliyozidi kidogo unene wa ubao wako. Hapo taya litauma kuanzia juu. Tundu la kibao hicho liache na nafasi, maana masika yakiingia mbao hufura, na kilichopita vizuri mwezi wa Februari kitakwama mwezi wa Aprili.

Meza yenyewe iwe nzito tu, na kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, ukiwa umesimama na mikono umeiachia chini, ili unaporanda usukume kwa mwili mzima. Hewa yetu ya chumvi hula chuma haraka; meno yasugulie nta ya mshumaa, kwani mafuta hukusanya vumbi la msumeno. Ndani ya taya gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kisha bana ubao, uuvute juu kwa mikono miwili. Ukitoka, tazama alama ya mpira ilipo: ikiwa chini tu, sogeza msumari tundu moja ubane tena.